Nipake jeli gani baada ya kung'olewa jino kwa upasuaji?

SWALI: Daktari, siku sita zilizopita niling'olewa gego la mwisho la chini, upande wa kulia, kwa upasuaji hapa Nairobi, nikashonwa nyuzi tatu. Daktari aliniandikia dawa za maumivu na kuniagiza nisukutue kwa maji ya chumvi, basi. Siku ya tatu niliona utando mweupe juu ya kidonda. Nilishtuka, nikaenda duka la dawa karibu na kwangu Umoja, nikauziwa jeli mbili: moja ya asidi ya hayaluroniki kwa shilingi 1,800, nyingine ya kutuliza maumivu yenye kolini salisileti. Jirani naye anasisitiza nipake mafuta ya karafuu na asali. Maumivu yamepungua, lakini utando bado upo. Je, nipake ipi, na niiingize ndani ya shimo? Tena, baba yangu anayetumia wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, kwa sababu ya moyo atang'olewa jino mwezi ujao, na ningependa kumnunulia mapema jeli iliyo bora.

JIBU: Dada, nianze na huo utando mweupe, kwa maana ndio uliokupeleka dukani. Jino linapotoka, damu hujaa katika tundu lake na kuganda ndani ya dakika chache. Donge hilo la damu ndilo linalofunika mfupa ulioachwa wazi, na ndilo linalotoa njia ya kupita kwa chembe mpya zinazokuja kujenga nyama. Sehemu yake ya juu hushikiliwa na protini iitwayo faibrini, ambayo ikilowa mate kwa siku kadhaa hugeuka kuwa nyeupe au ya manjano hafifu. Ulichokiona, kwa maelezo uliyonipa, kina kila dalili ya kuwa faibrini hiyo, wala si usaha na si ukungu wa mdomoni. Usaha hutoka ukibonyezwa, huacha ladha mbaya, na kwa kawaida huja pamoja na uvimbe unaozidi baada ya siku ya tatu ilhali ulipaswa kupungua, homa, au taya kukaza kiasi kwamba kijiko hakipiti. Wewe unasema maumivu yanapungua. Basi utando huo uache palepale; usiufute kwa pamba, wala kwa kijiti, wala kwa ncha ya mswaki. Wapo wagonjwa wanaorudi kliniki na tundu tupu kwa sababu walilisafisha kwa bidii mno.

Kidonda cha kinywani, ukikilinganisha na cha mkononi au mguuni, huponya haraka na huacha kovu dogo. Mate yenyewe yana protini zinazochochea chembe za utando wa kinywa kukua na kusogea, na fizi zina damu nyingi. Katika juma la kwanza nyama laini yenye mishipa midogo huanza kuchukua nafasi ya donge. Baada ya majuma matatu au manne ufizi huwa umefunga juu. Mfupa wa ndani huendelea kujijenga kwa miezi kadhaa, jambo ambalo huwezi kuliona wala kulihisi. Nakueleza hayo ili ujue jeli inaingia wapi. Hakuna jeli inayofanya kazi ya donge la damu. Jeli nzuri kabisa hulinda kazi hiyo isiharibiwe, au humpunguzia mgonjwa maumivu wakati inaendelea, na jeli mbaya huivuruga. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza ni ipi iliyo bora, lazima tuulize kidonda chenyewe kinakosa nini.

Kuna kikwazo kingine ambacho wauzaji hawapendi kukitaja. Mtu mzima hutoa kati ya nusu lita na lita moja na nusu ya mate kwa siku, na ulimi haukai kimya. Dawa inayopakwa kinywani huanza kuoshwa papo hapo, na ndiyo sababu watengenezaji huichanganya na vitu vya kunata, mathalani selulosi iliyofanyiwa marekebisho, ili ishikamane na ufizi kwa muda mrefu zaidi. Hata hivyo, jeli unayojipakia mwenyewe kwa kidole haikai kwa saa nyingi. Ikikaa nusu saa bila kuguswa na chakula wala kinywaji, imejitahidi. Jeli ambayo daktari huiweka ndani ya tundu siku ileile ya kung'oa, kabla ya kushona, iko katika hali tofauti kabisa, kwa kuwa imefunikwa na kulindwa.

Sasa tuzitazame hizo ulizonunua. Asidi ya hayaluroniki si kitu kigeni kwa mwili wako: ipo katika ngozi, katika majimaji ya magoti, na katika fizi zenyewe, ambako hushika maji na kuzisaidia chembe kusogea wakati wa kuponya. Mwaka 1934, Karl Meyer na John Palmer waliitenga kutoka katika jicho la ng'ombe huko New York, na tangu hapo imeingia katika upasuaji wa macho, sindano za magoti, na sasa jeli za kinywa, nyingi zikiwa na asilimia 0.2 au 0.8 ya asidi hiyo. Imefanyiwa majaribio kwa wagonjwa wa meno, ila mengi kati ya hayo ni madogo, na majibu yake hayalingani. Mahali inapoonekana kusaidia vizuri zaidi ni kwenye vidonda vipana vilivyo wazi, hasa kwenye kaakaa, pale daktari anapochukua kipande cha nyama ya juu ya mdomo ili kukipandikiza kwenye ufizi uliorudi nyuma; huko baadhi ya tafiti ziliona maumivu kupungua na kidonda kufunga mapema. Kwa tundu la gego lililoshonwa, baadhi ya majaribio yaliona nafuu kidogo ya maumivu au uvimbe katika siku za mwanzo, na mengine hayakuona tofauti yenye maana. Kwa hukumu yangu, hiyo ni jeli isiyo na madhara makubwa, yenye manufaa kwa kidonda cha aina fulani, na kwa kidonda chako ni anasa.

Ipo sababu nyingine ya kutoshangazwa na maneno makubwa yaliyo kwenye boksi lake. Barani Ulaya, jeli nyingi za asidi ya hayaluroniki husajiliwa kama vifaa vya tiba, si kama dawa, na kifaa hakitakiwi kutoa uthibitisho wa aina ileile ambao kidonge kipya hutakiwa kuutoa. Hilo si kosa la kisheria wala si udanganyifu. Ni kwamba maneno “huharakisha uponyaji” kwenye boksi hayana uzito unaofanana na maneno hayohayo kwenye karatasi ya dawa. Hapa kwetu bidhaa za afya zinasimamiwa na Bodi ya Famasia na Sumu, na mnunuzi ana haki ya kumwomba mfamasia amwonyeshe jina kamili la kiambato, kiasi chake na tarehe ya mwisho ya matumizi kabla ya kutoa pesa. Mirija ya jeli inayouzwa bila boksi wala karatasi yake, iache hukohuko.

Kwa kuwa ya hayaluroniki umekwisha kuinunua, itumie ukipenda, lakini kwa utaratibu. Nawa mikono, sukutua kwanza, kisha paka tabaka jembamba juu ya nyuzi na ufizi ulio kandokando, baada ya kula na kabla ya kulala, halafu usile wala kunywa kwa nusu saa. Usiisukumie ndani ya shimo kwa kidole, kwa pamba, wala kwa bomba la sindano. Ukifanya hivyo unaweza kulibandua donge, na unapeleka ndani vijidudu vya kidoleni mwako.

Ile ya kolini salisileti nakuomba uiweke kando. Salisileti ni jamii moja na aspirini. Jeli hiyo ilikusudiwa kutuliza vidonda vidogo vya kawaida vya mdomoni na michubuko ya meno ya bandia. Haikukusudiwa jeraha la upasuaji, na ikipakwa mara nyingi mahali pamoja inaweza kuunguza utando wa kinywa. Kisa chake kinafanana na tabia iliyozoeleka hapa mjini ya kuponda kidonge cha aspirini na kukiweka juu ya jino linalouma: mgonjwa hufika kwetu na jino lilelile bovu, na zaidi ya hapo na shavu lililobabuka na kuwa jeupe. Kama una watoto nyumbani, jeli hiyo isiwafikie. Uingereza ilitoa agizo mwaka 2009 kwamba isitumiwe na walio chini ya umri wa miaka 16, kwa kuhofia ugonjwa wa Reye, unaoathiri ini na ubongo na ambao umehusishwa na salisileti kwa watoto.

Hukuuliza kuhusu jeli za ganzi, lakini zimo katika kabati hilohilo la duka, kwa hiyo nizipitie upesi. Lidokeini na benzokeini hufisha hisia kwa muda mfupi, haziponyi chochote, na mtu anaweza kujing'ata shavu au kujiunguza kwa chai bila kujua. Benzokeini, mara chache, huifanya damu ishindwe kubeba oksijeni ipasavyo, na mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya mwaka 2018 kwamba bidhaa zake za kinywani zisitumiwe kwa watoto walio chini ya miaka 2. Jeli au malhamu ya triamsinoloni, ambayo wengi huipata kwa ajili ya vidonda vya mdomoni vinavyorudiarudia, ni steroidi. Steroidi hupunguza kinga ya mahali inapopakwa na huchelewesha kufunga kwa jeraha, kwa hiyo haina nafasi katika tundu la jino.

Jeli yenye ushahidi imara kuliko zote baada ya kung'oa jino ni ya klorohexidini, dawa ya kuua vijidudu, ya asilimia 0.2, ambayo hukuuziwa. Hiyo haiharakishi uponyaji kwa maana halisi. Inapunguza uwezekano wa tatizo moja ambalo sisi madaktari wa meno tunaliita tundu kavu: donge la damu huyeyuka au kung'oka mapema, mfupa hubaki wazi, na kati ya siku ya pili na ya nne mgonjwa hupata maumivu makali yanayopanda hadi sikioni, pamoja na harufu mbaya, mara nyingi bila uvimbe wala homa. Katika kung'oa meno kwa kawaida, tatizo hilo hupata wagonjwa wachache, asilimia 5 au chini yake. Katika magego ya mwisho ya chini yaliyotolewa kwa upasuaji linaweza kufika asilimia 30. Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, ulichapisha mapitio yake mapya mwaka 2022 na kukuta kwamba kusukutua kwa klorohexidini kabla na baada ya kung'oa, au kuweka jeli yake ndani ya tundu mara baada ya kung'oa, pengine hupunguza tatizo hilo, na ushahidi wenyewe wakaupa uzito wa wastani. Angalia wakati unaotajwa hapo: ni siku ya upasuaji. Wewe uko siku ya sita, maumivu yanashuka, na siku ambazo tundu kavu huanza umekwisha kuzivuka. Ukinunua jeli hiyo leo utakuwa unafunga mlango ambao hakuna anayebisha.

Nayo klorohexidini si maji. Ikitumika kwa siku nyingi huacha madoa ya kahawia kwenye meno na kubadilisha ladha ya chakula, na sabuni iliyo katika dawa nyingi za meno huipunguza nguvu, ndiyo maana tunashauri ikae mbali na kupiga mswaki kwa nusu saa hivi. Wapo watu wachache sana ambao miili yao huikataa vikali. Nchini Uingereza viliripotiwa vifo viwili vya wagonjwa waliopatwa na mzio mkali baada ya tundu kavu kuoshwa kwa dawa hiyo. Baadhi yetu, kwa sababu hiyo, huosha tundu lililo wazi kwa maji ya chumvi yaliyotakaswa na kuiacha klorohexidini kwa ajili ya kinga. Mtu aliyewahi kuvimba midomo au kutokwa na vipele baada ya kupakwa dawa ya kusafishia ngozi hospitalini amweleze daktari wake kabla hajakaa kwenye kiti.

Jirani yako hajakosea kabisa. Karafuu, hii ya Pemba na Unguja tunayotia kwenye pilau, ina yujenoli, na yujenoli imo katika dawa ambayo daktari wa meno hupakia ndani ya tundu kavu ili kutuliza maumivu. Tofauti iko katika kipimo. Dawa ya kliniki ina kiasi kilichopimwa ndani ya mchanganyiko unaoachia polepole, na huwekwa tunduni mwa mgonjwa ambaye donge lake limekwisha kupotea. Mafuta ya karafuu ya chupani, kwa upande wake, kwa sehemu kubwa ni yujenoli. Yakimiminwa juu ya jeraha bichi huunguza nyama na kuua chembe zilezile zinazojenga. Kwako, ambaye donge bado lipo, hayana kazi ya kufanya. Asali nayo imejaribiwa kwenye vidonda vya kinywani na kuleta matokeo ya kutia moyo, lakini asali iliyotumika katika majaribio mengi ni ya hospitali, iliyotakaswa kwa ajili ya vidonda, ilhali ya sokoni haijatakaswa, wakati mwingine imechanganywa na sukari guru, na itaganda kwenye meno ya jirani ambayo huwezi kuyapiga mswaki vizuri kwa sasa. Itie kwenye uji uliopoa, unywe. Shubiri vilevile imejaribiwa. Utomvu wake wa manjano unakera utando wa kinywa, kwa hiyo usikate jani nyuma ya nyumba na kulibandika fizini.

Maji ya chumvi uliyoyaona kuwa agizo dogo ndiyo yanayofaa zaidi kwa hali yako. Nusu kijiko cha chai katika glasi ya maji ya uvuguvugu, baada ya kila mlo na kabla ya kulala, yazungushe kwa kuinamisha kichwa huku na huku bila kusukuma kwa nguvu, kisha yaache yadondoke sinkini bila kutema kwa kishindo. Meno mengine yapigwe mswaki kama kawaida. Kinywa kichafu huchelewesha kidonda kuliko kukosa jeli yoyote. Usinywe soda wala sharubati kwa mrija kwa siku chache zijazo, kwa kuwa mvuto wa mrija unaweza kulivuta donge. Sigara ni adui mkubwa hapa, kwa mvuto wake na kwa kuwa nikotini huibana mishipa midogo ya damu. Miraa na muguka pia viepukwe mpaka ufizi ufunge: vijiti na majani hukwaruza na kuingia kidondani, na saa nyingi za kutafuna hulichosha taya lililopasuliwa. Sijui kama unatumia, na sikuulizi. Naandika kwa sababu wagonjwa wengi hawatamki mpaka waulizwe.

Kuhusu maumivu, hakuna jeli inayofikia ibuprofeni ya miligramu 400 ikiandamana na parasetamoli ya gramu 1 kwa mtu mzima asiye na vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, ujauzito, au pumu inayochochewa na dawa za jamii hiyo. Parasetamoli isizidi gramu 4 kwa siku, na uangalie kwanza kama dawa ulizoandikiwa hazina viambato hivyohivyo kwa majina mengine.

Nyuzi zako, ikiwa ni nyeusi za hariri, hutolewa karibu na siku ya saba, yaani kesho au keshokutwa; zile zinazoyeyuka huanguka zenyewe katika majuma yanayofuata. Kama hukuambiwa ni zipi, piga simu kliniki uliyofanyiwa upasuaji, na ukienda beba jeli zote mbili uwaonyeshe. Usisubiri miadi ikiwa maumivu yaliyoshuka yatapanda tena, damu ikirudi na isikome baada ya kubana shashi kwa dakika 20, au midomo na kidevu vikibaki na ganzi hadi leo. Uvimbe unaoshuka shingoni au unaokuzuia kumeza na kupumua ni wa kukimbizwa hospitali usiku huohuo.

Imebaki habari ya mzee, na hapa nakushauri usimnunulie jeli yoyote. Ninachokihofia zaidi ni mikonazoli, jeli ya kutibu ukungu wa mdomoni, ambayo mtu akieleza dukani kwamba ameona utando mweupe kinywani anaweza kuuziwa kwa urahisi. Mikonazoli ya kinywani, hata ikipakwa kidogo, huingia mwilini na kuzuia ini kuivunjavunja wafarini, na matokeo yake damu huwa nyepesi kupita kiasi. Wagonjwa wamevuja damu vibaya kwa njia hiyo. Akiuona utando mweupe baada ya kung'olewa, mwambie ni uleule uliokutisha wewe. Jeli yako ya salisileti isimkaribie, na ibuprofeni pia si yake. Parasetamoli ndiyo ya kumtosha, kwa kipimo atakachopewa na daktari.

Asiache wafarini kwa uamuzi wake mwenyewe wala kwa ushauri wa jamaa, kwa sababu hatari ya donge kuziba mshipa wa ubongo au moyo ni kubwa kuliko hatari ya ufizi kuvuja. Mpeleke kwa daktari wa meno mapema akiwa na kitabu chake cha kliniki ya moyo na dawa zake zote mfukoni. Atatakiwa kupima INR, kipimo kinachoonyesha damu inachukua muda gani kuganda, ndani ya saa 24 kabla ya kung'oa, au ndani ya saa 72 ikiwa vipimo vyake vimekuwa vikitulia; ikiwa chini ya 4, kwa kawaida jino hutolewa bila kusimamisha dawa, tundu hujazwa kitu cha kusaidia damu kuganda na kushonwa, na katika kliniki nyingine mgonjwa hung'ata shashi iliyoloweshwa asidi ya traneksamiki, dawa inayozuia donge la damu kuyeyuka. Omba miadi ya asubuhi, mwanzoni mwa juma, ili damu ikisumbua jioni muwe na siku kadhaa za kazi za kumrudia daktari aliyeling'oa.